Mbuzi, Deni na Pesa za Chama: Ni Lini Sheria Humwita Mtu Mwizi?

Mbuzi mmoja anaweza kumpeleka mtu jela miaka 14. Mbuzi huyo huyo, akitolewa kwenye boma lile lile na mtu mwingine mwenye nia nyingine, huenda asimfunge mtu hata siku moja. Tofauti haiko kwa mbuzi. Iko katika mambo machache ambayo sheria ya Kenya inataka yathibitishwe kabla ya mtu yeyote kuhukumiwa kwa wizi.

Mkazi wa Zombe anafaa kuyajua mambo hayo kabla hajafika kituo cha polisi, awe ni mlalamishi au mshukiwa. Mlalamishi asiyeyajua hupiga ripoti ya wizi juu ya jambo ambalo kwa kweli ni deni, husubiri miezi mingi, na mwisho kesi huanguka. Mshukiwa asiyeyajua husema "nilikuwa nitarudisha" akidhani amejitetea, kumbe amekiri. Na huko sokoni, neno "mwizi" likipaazwa mara moja tu, wapo wasiongoja kuuliza lolote. Mawe huanza kurushwa kabla mwenye mbuzi hajafika kutazama kama mbuzi ni wake.

Maneno ya sheria

Wizi umeelezwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 268. Kwa lugha ya kawaida, kifungu hicho kinasema kwamba mtu anaiba pale anapochukua kitu kinachoweza kuibwa, au anapokigeuza kiwe cha matumizi yake au ya mtu mwingine asiye mwenyewe, akifanya hivyo kwa hila na bila dai la haki. Kila neno hapo lina uzito wake. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kila moja bila kuacha shaka ya maana. Likikosekana hata moja, hakuna wizi, ingawa mshtakiwa anaweza kuwa amefanya jambo la aibu au kosa la aina nyingine.

Kanuni hii ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, enzi ya ukoloni, ikachukua nafasi ya sheria ya jinai ya India iliyokuwa ikitumika Kenya. Maneno yake mengi yana asili katika kanuni iliyotungwa Queensland, Australia, mwaka 1899, na ndiyo maana Tanzania na Uganda zina vifungu vya wizi vinavyofanana sana na vya Kenya. Uingereza yenyewe ilibadilisha sheria yake ya wizi mwaka 1968. Huko mahakama hutafuta mambo matano: kwamba mtu amejitwalia kitu, kwamba kitu hicho ni mali, kwamba ni cha mtu mwingine, kwamba hakuwa mwaminifu, na kwamba alinuia kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Anayetazama filamu za mahakama za London kwenye simu yake asishangae basi kuona hakimu wa Kitui akiuliza maswali tofauti kidogo. Sheria ya Kenya haikuishia kwenye nia ya kumnyima mtu mali moja kwa moja. Ilitaja nia nyingine nne, na ni katika hizo nne ambapo watu wasiojiona kuwa wezi hujikuta kizimbani.

Kitu kinachoweza kuibwa

Kifungu cha 267 kinajibu swali ambalo laonekana rahisi. Kitu chochote kisicho na uhai, kinachohamishika na kilicho mali ya mtu, kinaweza kuibwa. Shamba haliibwi, kwa sababu halihamishiki. Jirani anayesogeza mpaka usiku anaweza kushtakiwa kwa kosa jingine na kushtakiwa pia katika kesi ya ardhi, lakini shtaka la kuiba ardhi halipo. Kile kilichoshikamana na ardhi, hata hivyo, huwa kinaweza kuibwa mara tu kinapobanduliwa, na haijalishi kwamba kilibanduliwa kwa ajili ya kuibwa. Mlango wa bati, bomba la tangi la maji, maembe yaliyo mtini, mti uliokatwa kwa ajili ya makaa: vyote vimo.

Mnyama wa kufugwa aliye mali ya mtu anaweza kuibwa. Mnyama wa porini aliye huru hana mwenyewe wa kumlalamikia wizi, lakini asiyefungwa na kifungu hiki akumbuke kuwa kuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo ni kali. Tena sheria inasema kwamba chochote kinachotoka katika mwili wa mnyama anayeweza kuibwa, nacho huibwa. Anayemkamua ng'ombe wa jirani malishoni ameiba maziwa, ijapokuwa ng'ombe mwenyewe hajasogea hata hatua moja.

Kuhusu kuchukua, kipimo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au akisababishe kisogee, basi. Aliyefungua zizi usiku, akamfungua mbuzi kamba na kumvuta hadi mlangoni, halafu mbwa wakabweka naye akakimbia, amekwisha kuchukua. Hakuna haja mbuzi afike Mwitika.

Na mali iwe ya nani? Hapa sheria inamtaja mwenye mali, na pia mtu mwenye haki maalum juu ya mali hiyo. Fundi wa pikipiki aliyetengeneza injini ana haki ya kuishikilia pikipiki hadi alipwe. Mwenye pikipiki akija usiku na ufunguo wa akiba, akaiondoa ili asilipe, anaweza kushtakiwa kwa kuiba pikipiki yake mwenyewe. Vivyo hivyo mwanachama mmoja wa kikundi hawezi kujitetea kwamba mashine ya kikundi ni yake pia. Kuwa mmoja wa wenye mali hakumpi mtu ruhusa ya kuwanyang'anya wenzake.

"Nilikuwa nitarudisha"

Neno "kwa hila" halikuachwa lielee. Kifungu cha 268 kinasema mtu huhesabiwa kuwa amechukua kwa hila akiwa na nia mojawapo kati ya tano. Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu: kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Ya pili ni kuitumia mali hiyo kama rehani, kwa mfano kuchukua cherehani ya dada yako bila kumwambia na kuiweka kwa mkopeshaji. Ya tatu ni kuitoa kwa sharti la kuirudisha ambalo huenda usiweze kulitimiza. Ya nne ni kuishughulikia kwa namna ambayo haiwezi kurudi katika hali iliyokuwa nayo. Aliyemchinja mbuzi wa jirani kwa ajili ya wageni akiwa na nia ya kweli ya kumnunulia mwingine wikendi ijayo, amemchinja yule mbuzi. Atakayenunuliwa ni mwingine.

Ya tano ndiyo inayovunja vyama vingi, na yafaa ielezwe polepole.

Chukua mfano wa kikundi cha kina mama wanaochangiana kila wiki. Mweka hazina ana shilingi 48,000 za wenzake. Mtoto wake anafukuzwa shule kwa sababu ya karo. Anatoa 15,000 kwenye fedha za kikundi, akijua kwamba mumewe atatumiwa mshahara mwisho wa mwezi na pesa zitarudi kabla ya mkutano. Hana nia ya kumdhulumu mtu. Pengine hata ameandika kwenye daftari lake kwamba anadaiwa. Sheria inasema nini? Inasema kwamba pesa zikichukuliwa kwa nia ya kuzitumia kwa hiari ya yule anayezichukua, hiyo ni hila, hata kama ananuia kumlipa mwenyewe baadaye. Maneno hayo yameandikwa waziwazi katika kifungu. Kulipa baadaye kunaweza kumfanya hakimu apunguze adhabu, lakini hakufuti kosa lililokwisha kutendeka.

Ni sheria ngumu, na mtu anaweza kuiona kuwa haina huruma kwa mama wa karo. Lakini sababu yake inaeleweka mtu akitazama upande wa wale wenzake 11 ambao hawakuulizwa. Mmoja wao huenda alikuwa akitegemea zamu yake wiki ile ile kumpeleka mgonjwa Kitui. Mweka hazina aliwakopesha wenzake hatari bila wao kujua. Dawa yake ni nyepesi: kuomba. Kikundi chenye katiba ndogo inayoruhusu mkopo wa dharura, ukaidhinishwa na viongozi wawili au watatu na kuandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu siku ile ile, kinamwokoa mweka hazina na kishawishi na kinawaokoa wengine na hasara. Pesa zilizotolewa kwa ruhusa hazijaibwa.

Ikiwa aliyetumia pesa alikuwa amekabidhiwa na wengine ili azitunze au azifikishe mahali fulani, mashtaka huweza kuletwa kama wizi wa wakala, chini ya kifungu cha 283, ambao adhabu yake hufika miaka 7. Mwajiriwa anayeiba mali ya mwajiri wake, awe muuzaji wa duka au mlinzi wa stoo ya ndengu, yuko chini ya kifungu cha 281, naye pia miaka 7.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kijana anayechukua bodaboda ya rafiki yake bila ruhusa, akaenda nayo matangani na kuirudisha jioni ilivyokuwa, hana mojawapo ya zile nia tano. Lakini sheria haikumwacha. Kanuni ya Adhabu ina kosa dogo la kutumia chombo au mnyama wa kazi wa mtu mwingine bila haki, lisilofikia wizi, lenye kifungo cha hadi miezi 6 au faini. Punda wa kubeba maji yumo humo.

Dai la haki

Hili ndilo swali ambalo polisi na hakimu hulipima kwa makini, na ndilo ambalo watu husahau kulieleza wanapoandikisha taarifa. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hana hatia ya jinai kuhusu mali ikiwa alifanya alichofanya akitumia dai la haki analoliamini kwa moyo mweupe, bila nia ya kulaghai. Si lazima dai lenyewe liwe sahihi. Inatosha kuwa aliliamini kwa dhati.

Mfano wa nyumbani: kijana amepeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana. Baada ya miaka miwili ndoa inavunjika, mke anarudi kwao. Ndugu za mume wanafika mchana, mbele ya majirani, wanawachukua mbuzi watatu na kusema wazi kwamba wanarudisha chao. Baba ya msichana anakimbilia kituo cha polisi kuripoti wizi wa mifugo. Iwapo mbuzi wa ntheo hurudishwa ama hawarudishwi ni suala la mila, na wazee wa koo mbili wanaweza kulibishania usiku kucha. Lakini swali la mahakama ya jinai ni jingine: je, hawa waliochukua waliamini kweli kwamba wana haki? Kama waliamini, si wezi, hata wazee wakija kuamua baadaye kwamba walikosea na mbuzi warudi.

Sasa badilisha mambo machache. Walikuja saa nane usiku. Waliwapeleka mbuzi soko la mbali na kuwauza asubuhi. Walipoulizwa walikana kwamba walifika bomani. Dai la haki linabaki lile lile kwa maneno, lakini mwenendo wao unalipinga. Mwenye kuchukua chake kwa kawaida hajifichi. Hakimu hana njia ya kuufungua moyo wa mtu na kuutazama ndani, kwa hiyo huangalia saa, njia, maneno na yaliyofuata.

Isisemwe basi kwamba kujichukulia kunaruhusiwa. Anayeingia boma la mtu na kujilipa anaweza kushtakiwa kwa kuingia bila ruhusa, kwa kuzua vurugu, au kudaiwa fidia katika kesi ya madai. Dai la haki linamwondolea jina la mwizi. Makosa mengine yanabaki.

Deni si wizi

Msimu wa ndengu huleta malalamiko ya aina moja. Mfanyabiashara anakuja na lori, anapima magunia, analipa sehemu na kuahidi kumaliza "Ijumaa". Ijumaa inapita, simu haishikwi. Mkulima anasema ameibiwa.

Kwa macho ya sheria, kwa kawaida hajaibiwa. Alitoa ndengu zake mwenyewe, akikusudia ziwe za mnunuzi, na kilichobaki ni deni. Hata kosa la kupata mali kwa udanganyifu, lililo katika kifungu cha 313, haliwi rahisi kuthibitishwa, kwa sababu uongo unaohesabiwa hapo ni uongo juu ya jambo lililopita au lililopo sasa. Ahadi ya kulipa Ijumaa ni jambo la kesho. Asiyeitimiza amevunja mapatano. Lakini mnunuzi aliyedai kwamba ameajiriwa na kampuni fulani wakati hajaajiriwa, au aliyeonyesha ujumbe wa benki wa kughushi kwamba pesa zimeshatumwa, amesema uongo juu ya jambo la sasa. Huyo anaweza kushtakiwa, na adhabu yake hufika miaka 3.

Tofauti hii inaudhi, na mkulima aliyepoteza mavuno ya msimu mzima ana kila sababu ya kuudhika. Inasaidia kuijua mapema kwa sababu inaonyesha mlango wa kubisha. Deni hupelekwa mahakama ya madai, na chini ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 husikilizwa kwa utaratibu mwepesi, ambapo sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Karani wa mahakama ya hakimu anaweza kueleza ni wapi pa kuwasilisha dai. Kitakachohitajika huko ni karatasi: idadi ya magunia, uzito, bei ya kilo, nambari ya lori, majina na sahihi. Ujumbe wa simu wa mapatano nao usifutwe. Tena mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya ni mwanachama wake, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Polisi si wakusanyaji wa madeni, na afisa anayemwambia mkulima hivyo hajamfukuza. Amemwelekeza.

Kilichopotea na kilichotumwa kimakosa

Mbuzi mgeni akiingia na kundi lako jioni, hujaiba. Kumlaza zizini na kutangaza kwa majirani, kwa mzee wa mtaa au kwa naibu wa chifu ndiyo desturi, na sheria haina ugomvi na desturi hiyo. Wizi huanza pale unapomgeuza kuwa wako: kumtia alama mpya sikioni, kumuuza, kumchinja. Kuhusu kitu kilichookotwa, sheria humwachilia tu yule ambaye, wakati anakigeuza kuwa chake, hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu nzuri za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Katika Ukambani, ambako mifugo hutiwa alama ya ukoo tangu zamani, utetezi huo ni mwembamba sana kwa mnyama mwenye alama. Sikio lake linasema ni wa nani.

Pesa zilizotumwa kimakosa kwa M-Pesa zina hadithi inayofanana. Zikiingia, mpokeaji hajafanya kosa lolote. Akizitoa haraka na kuzima simu baada ya kupigiwa na mwenyewe, amezigeuza kuwa zake huku akijua ni za nani. Zaidi ya wizi, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 ina kosa la kuficha au kuzuilia malipo ya kielektroniki yaliyomfikia mtu kimakosa, lenye faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Aliyetuma kimakosa asianze kwa kubembeleza. Aupeleke ujumbe wa muamala kwenye namba 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Adhabu

Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, una kifungo cha hadi miaka 3. Wizi wa mifugo uko peke yake katika kifungu cha 278, na hapo ndipo ile miaka 14 inapotoka. Orodha yake ni ya zamani na ina mambo ya kushangaza: farasi, nyumbu, punda, ngamia, mbuni, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, pamoja na watoto wao. Kuku hayumo. Aliyeiba kuku kumi atashtakiwa kwa wizi wa kawaida, na aliyeiba mwanambuzi mmoja atakabiliwa na kifungu kikali zaidi. Wizi wa ndani ya nyumba ya kuishi, wa kitu kinachozidi thamani ya shilingi 100, nao hufika miaka 14. Shilingi 100 zilikuwa pesa nyingi kifungu hicho kilipoandikwa. Leo hazinunui kilo moja ya sukari. Miaka hii yote ni kiwango cha juu. Hakimu huweza kutoa chini yake, akitazama kama ni kosa la kwanza, kama mali imerudi, na hali ya mshtakiwa. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai kabisa, kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Mnunuzi naye ajihadhari. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa la kifungu cha 322, nalo hufika miaka 14. Mbuzi anayeuzwa kando ya barabara kabla ya mapambazuko, kwa nusu ya bei ya soko, na mtu asiyetaka kutaja kijiji chake, ni sababu ya kuamini. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2006 ni lini mtu anaweza kuhukumiwa kwa sababu tu amekutwa na mali iliyoibwa karibuni: lazima ithibitishwe kwamba mali ilipatikana kwake, kwamba bila shaka ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na kwamba iliibwa siku za karibuni. Akitoa maelezo yanayoaminika ya alivyoipata, hali hubadilika. Ndiyo maana kununua ndani ya soko la mifugo, mbele ya watu, kwa risiti na barua ya chifu wa muuzaji, kunafaa zaidi ya punguzo lolote la bei.

Ukimshika mtu, ukiibiwa

Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akiiba. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na ruhusa inaishia hapo. Kumpiga ni kosa, na akifa, waliompiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, kila mmoja wao, hata kama mbuzi alikuwa kweli ameibwa. Wanaodai kwamba hiyo ni mila wakumbuke kuwa hata king'ole, hukumu ya kifo ya Wakamba wa zamani kwa mhalifu sugu, haikutolewa na watu waliokutana njiani. Wazee walikaa kwanza, na jamaa wa karibu wa mshukiwa alitakiwa kukubali.

Mshukiwa aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya kazi. Kama anayo risiti, shahidi wa mapatano au sababu ya kuamini kuwa mali ni yake, aiseme mapema mbele ya wakili au mahakama. Dai la haki linalotajwa kwa mara ya kwanza siku ya kujitetea huonekana limetungwa.

Familia mbili zinazotaka kumaliza jambo nyumbani zisipokee malipo ya kunyamaza. Kifungu cha 118 kinamtia hatiani anayepokea kitu ili kuficha kosa kubwa la jinai au kuacha kulishtaki, na wizi umo katika makosa hayo. Mapatano yanaweza kufanywa, lakini yapelekwe wazi kwa upande wa mashtaka na kwa hakimu, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuruhusu kesi iondolewe.

Polisi na mahakama ni idara za serikali ya kitaifa, si za kaunti, na kuandikisha ripoti hakulipiwi. Anayeripoti mnyama aliyeibwa aende na rangi yake, alama ya sikio au ya chuma, umri, mahali na saa alipoonekana mara ya mwisho, na picha kama ipo kwenye simu. Ataje pia kama kuna mtu anayedai mnyama huyo, hata akiliona dai hilo kuwa la upuzi. Kabla ya kuondoka, aombe namba ya OB na aiandike.